KEKI, JOHO NA UNG'ENG'E: Sherehe za Watoto Shuleni Zimetoka Wapi, na Wajapani Walitupitia Wapi?

Mwezi wa kumi na moja ukishaingia, mitandao yote inajaa majoho. Mtoto ana miaka mitano, meno ya mbele yameng'oka, lakini kavalishwa joho na kofia ya pembe nne utadhani kamaliza udaktari. Keki ya ghorofa tatu ipo. Maputo yapo. MC yupo, DJ yupo, spika zinatetemesha mabati ya jirani. Mama anarekodi kwa simu, baba anarekodi kwa simu, shangazi yuko laivu Instagram.

Halafu mtoto anapanda jukwaani na kushusha shairi zima kwa Kiingereza. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Lakini ukiangalia viti vya nyuma, utamkuta bibi mmoja aliyetoka Usoke na kapu la viazi na dumu la asali, naye anapiga makofi kwa sababu wenzake wanapiga. Mjukuu wake kasema kitu kirefu na kizuri. Bibi hajui kasema nini.

Wengi wanadhani hizi sherehe ni mambo ya juzi, ushamba wa mjini na kuiga Wazungu wa kwenye filamu. Kumbe la. Sherehe ya watoto shuleni ina historia ndefu, na kwenye ukanda wa Tabora historia hiyo imepita mulemule relini na kwenye njia ya misafara. Na tangu mwanzo haijawahi kuwa ya watoto peke yao. Watu wazima ndio wanaoonyeshana kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni lugha.

TUANZIE USOKE

Kwa wasiopajua, Usoke ni mji mdogo wa wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora. Ukitoka Tabora mjini kwa treni ya Kigoma, unaukuta kabla hujafika Urambo yenyewe. Ni nchi ya miombo, tumbaku na asali.

Kabla ya reli, huku ndiko ilikopita misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na hao jamaa hawakubeba pembe na vitambaa tu. Walibeba Kiswahili pia. Mtemi Mirambo wa Urambo alipofariki Desemba 1884, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya biashara kwenye njia hiyo, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Mjerumani alipofika aliona mambo yamerahisishwa. Badala ya kuhangaika kufundisha Kijerumani nchi nzima, alitumia Kiswahili kwenye shule zake za serikali ili apate makarani, wakusanya kodi na walimu. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Na sherehe? Ilikuwepo. Kila tarehe 27 Januari ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Kaisari Wilhelm II. Watoto wa shule walipangwa mistari, bendera ikapandishwa, nyimbo zikaimbwa, gwaride likapita. Yaani bethdei ya kwanza kubwa ya shule nchini mwetu haikuwa ya mtoto hata mmoja. Ilikuwa ya mzee mwenye masharubu aliyekaa Berlin na ambaye hakuwahi kukanyaga hapa.

Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora. Baadaye akaja Mwingereza. Bendera zikabadilika, na bethdei ikabadilika nayo. Kaisari nje, Empire Day ndani: tarehe 24 Mei, siku aliyozaliwa Malkia Victoria. Watoto walewale, uwanja uleule, ila sasa wanapiga saluti kwa mfalme mwingine.

MAGUNIA, KAMBA NA YAI KWENYE KIJIKO

Waingereza waliipenda sana siku ya michezo. Kwenye shule zao, iwe kwao au kwenye makoloni, siku kama hiyo ilikuwa na mbio, kuvuta kamba, kukimbia ndani ya gunia, kukimbia na yai kwenye kijiko. Ukiona shule ya leo watoto wanakimbia na ndimu kwenye kijiko huku mwalimu wa michezo anapuliza filimbi, ujue huo mchezo una umri mkubwa kuliko babu yako.

Lakini jambo zito lilikuwa kwenye ngazi ya elimu yenyewe. Mwaka 1925 serikali ya Mwingereza ilifungua shule ya Tabora, ambayo wengi mnaijua kama Tabora Boys. Mwanzo ilikusudiwa watoto wa machifu, waje kuwa watawala wasaidizi. Kulikuwa na viranja, nidhamu ya bweni na Kiingereza. Julius Nyerere aliingia pale mwaka 1937 akitokea Musoma, na kutoka pale akaenda Makerere.

Mtoto wa kawaida wa kijiji cha jirani hakuwa na njia hiyo. Yeye alianza kwa Kiswahili, na wengi waliishia madarasa ya chini. Kiingereza kilikuja juu huko, kwa wachache waliochujwa. Kwa hiyo tangu enzi hizo akili ya mzazi ilishajifunza hesabu moja: anayejua Kiingereza ni yule aliyechaguliwa. Asiyejua ni yule aliyebaki kulima.

Juu ya hapo, shule ziligawanywa kwa rangi. Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kuanzia mwaka 1947 mradi maarufu wa karanga wa Waingereza ulikuja mpaka Urambo, pua na mdomo na Usoke. Mashine zikaja, Wazungu wakaja na familia zao. Mradi ukafeli vibaya miaka michache tu baadaye. Kule Kongwa, makao yake makubwa, majengo yaliyoachwa yakageuzwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 shule hiyo ikahamia Iringa, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Karanga hazikuota, lakini watoto wa Kizungu walipata shule. Shule za ubaguzi zilifutwa kisheria mwanzoni mwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru.

MWALIKO HUOHUO ULIFIKA JAPANI

Sasa tuvuke bahari kidogo. Kuna nchi nyingine ambayo Mwingereza aliingia na filimbi yake na siku ya michezo yake, lakini wenyeji wakajibu tofauti kabisa. Hiyo nchi ni Japani.

Mwaka 1868 Japani ilibadilisha utawala na kuamua kuzikimbiza nchi za Magharibi kabla hazijaimeza. Ikaajiri wataalamu kutoka nje, na mwaka 1873 walifika maofisa wa jeshi la maji la Uingereza kufundisha kwenye chuo cha wanamaji pale Tsukiji, Tokyo. Machi 1874 Waingereza hao wakaandaa siku ya michezo kwa wanafunzi wao. Mbio, kuruka, mambo ya kuchekesha. Ni mbegu ya kitu ambacho Wajapani leo wanakiita undokai, na hakuna Mjapani aliyepita shule ya msingi asiyekijua.

Sikia na hii. Wakati huohuo kulikuwa na Mjapani kijana anaitwa Mori Arinori, mwakilishi wa nchi yake kule Washington. Huyu bwana alitoa wazo la kushtua: kwamba Japani itumie Kiingereza, tena Kiingereza kilichorahisishwa, ili iende na dunia. Mwaka 1872 akamwandikia mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Yale, William Dwight Whitney, kumuomba ushauri. Mmarekani mwenyewe, mwenye Kiingereza chake, akamshauri asifanye hivyo.

Akatokea Mjapani mwingine, Baba Tatsui, aliyekuwa anasoma sheria London. Mwaka 1873 akatoa kitabu cha sarufi ya Kijapani kwa Kiingereza ili kuonyesha kuwa lugha yao inatosha. Hoja yake kubwa ilikuwa ya kijamii. Alisema Kiingereza kikiwa lugha ya shule na serikali, matajiri wenye muda na pesa watakijua, maskini watabaki nje, na nchi itapasuka vipande viwili visivyosikilizana. Mfano wake ulikuwa India chini ya Waingereza.

Soma tena hiyo hoja taratibu. Imeandikwa miaka 150 iliyopita na mtu ambaye hakuwahi kuisikia Usoke. Lakini ni kama alikuwa amekaa viti vya nyuma pamoja na yule bibi mwenye dumu la asali.

Wazo la Mori halikupita. Mwaka 1885 aliteuliwa kuwa waziri wa kwanza wa elimu wa Japani, na shule alizozijenga zilifundisha kwa Kijapani. Siku ya michezo aliipenda, akaisukuma mashuleni pamoja na mazoezi ya kijeshi. Kwa hiyo Japani ilichukua sherehe ya Mwingereza ikaacha lugha yake mlangoni.

WANAVYOFANYA LEO

Undokai ya sasa ni burudani ya mtaa mzima. Shule inagawanywa timu mbili, nyekundu na nyeupe. Kuna kuvuta kamba, kuna kurusha vifuko vidogo kwenye kapu lililofungwa juu ya mti, kuna mbio za kupokezana vijiti, kuna ngoma. Familia zinakuja, na kwa miaka mingi desturi ilikuwa kutandika mkeka na kula pamoja chakula kilichofungwa nyumbani.

Lakini kitu cha kukitazama ni nani anaiendesha. Watoto wa madarasa ya juu wanapewa majukumu. Huyu anatangaza kwenye kipaza sauti, huyu anaandika alama, wale wanabeba vifaa, wale wanawapanga wadogo kwenye mistari. Walimu wapo, ila mtoto wa darasa la sita anajua kabisa kuwa akikosea kutangaza, mbio hazianzi. Ndio walewale ambao siku za kawaida wanasafisha darasa lao wenyewe. Hilo la kufagia, mwanafunzi wa Saint Kayumba hatashangaa hata kidogo. Amebeba ufagio toka nyumbani tangu darasa la kwanza.

Na Kiingereza je? Wajapani wanakihangaikia kama sisi. Wana madarasa binafsi ya mazungumzo ya Kiingereza karibu kila mji, mtoto anaenda saa moja kwa wiki jioni. Huko ndiko kuna zile sherehe za watoto za Halloween na Krismasi: mwalimu mgeni kavaa kofia ya mchawi, wasaidizi Wajapani wanagawa pipi, watoto wamevaa mabawa ya popo na wanarudia maneno matatu manne ya Kiingereza ili wapewe zawadi. Wazazi wanapiga picha. Kelele, vicheko, kwisha.

Halafu kesho yake asubuhi mtoto huyo anarudi shuleni na kujifunza hesabu, sayansi na historia kwa Kijapani. Kiingereza ni somo na ni sherehe. Si ukuta. Serikali yao ilianza mwaka 1987 mpango mkubwa wa kuleta vijana wa nje kusaidia kufundisha Kiingereza, na ni mwaka 2020 tu ndipo kilipofanywa somo rasmi kwa darasa la tano na la sita la shule ya msingi.

Matokeo? Mwaka 2008 Mjapani Toshihide Maskawa alishinda Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alipofika Stockholm kutoa mhadhara wake, aliutoa kwa Kijapani, baada ya kusema wazi kwamba Kiingereza hakiwezi. Hakuna aliyemvua tuzo.

Lakini tusiwapambe sana. Japani nayo ilikuwa na watoto wa viti vya nyuma. Kule visiwa vya Okinawa, mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto aliyekamatwa shuleni akizungumza lugha ya kwao alivalishwa kibao cha mbao shingoni kama aibu. Lugha iliyowaokoa watoto wa Tokyo iliwapiga watoto wa Okinawa. Na hata huku kwetu, Kiswahili kilipoingia shuleni, Kinyamwezi cha yule bibi kilibaki nje ya geti. Hakuna lugha iliyoingia darasani bila kumsukuma mtu.

1967: KARIBU TUWE JAPANI

Turudi nyumbani. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, kuanzia la kwanza hadi la saba. Mwaka 1969 sheria ya elimu ikaziweka shule za mashirika chini ya serikali. Mwaka 1974 ikaamuliwa Musoma kwamba kila mtoto aende shule, na hadi mwaka 1977 madarasa yalijaa, mengine chini ya miembe.

Sherehe nazo zikabadilika. Hakuna tena Malkia. Sasa ni Saba Saba, ni Mwenge, ni halaiki: mamia ya watoto wanatengeneza maumbo uwanjani kwa wakati mmoja. Kuna ngonjera, kuna kwaya, kuna gwaride la chipukizi. Unaweza kuzicheka leo kwa kuwa zilikuwa za kisiasa mno. Lakini mzazi aliyesimama pembeni mwa uwanja alisikia kila neno. Mtoto wake alipoghani ngonjera, mama alijua kaghani nini, na akikosea mstari mama alijua kakosea.

Shida ilikuwa moja, na ndiyo hadi leo. Sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tume ya rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia mwaka 1985. Haikutokea. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe, mtu aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia na kutaka kibaki. Miaka mitatu baadaye ukaanza mradi wa kuimarisha Kiingereza sekondari kwa pesa za Uingereza.

Kwa maneno ya mtaani: Japani ilichukua sherehe ikaacha lugha. Sisi tuliifukuza sherehe ya Mwingereza, lugha tukaiachia chumba cha juu.

MAJOHO YANARUDI

Sasa jiweke kwenye viatu vya mzazi wa miaka ya 1990. Anajua mtihani wa kidato cha nne ni Kiingereza. Chuo ni Kiingereza. Usaili wa kazi ni Kiingereza. Wenye uwezo walikuwa tayari wanapeleka watoto Kenya na Uganda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilipofungua zaidi mlango kwa watu binafsi, shule za English medium zikaota kama uyoga.

Na shule ya kulipia inahitaji kuonyesha mali. Huwezi kumfungua mtoto kichwa mzazi aone hesabu imeingia kiasi gani. Lakini unaweza kumpandisha jukwaani akaongea ung'eng'e dakika mbili. Hapo ndipo mahafali ya chekechea yalipopata nguvu. Joho, keki, MC, na Kiingereza kinachomiminika. Ile sherehe ni risiti. Mzazi anaonyeshwa pesa yake ilikokwenda.

Usimcheke huyo mzazi. Hesabu yake ni sahihi kabisa kwa mfumo uliopo. Mtoto wa Saint Kayumba anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anafaulu vizuri, halafu Januari ya kidato cha kwanza anakuta fizikia, kemia, jiografia na hisabati zote zimebadilisha lugha kwa siku moja. Anapewa wiki chache za kuzoea. Kuna watoto waliokuwa wanaongoza darasa la saba ambao kidato cha kwanza wananyamaza kabisa. Hawajawa wajinga ndani ya likizo ya Desemba. Wamepokonywa mdomo tu.

Kwa mkulima wa tumbaku wa Usoke mambo ni magumu zaidi. Ada ya English medium inadaiwa Januari. Januari ndio kwanza miche iko shambani, mbolea ni ya mkopo, masoko ya tumbaku bado miezi kadhaa, na pesa ikija inapitia chama cha msingi ikiwa imeshakatwa madeni. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, na hilo limesaidia sana. Lakini kuingia darasani bila ada hakujaondoa ukuta wa lugha. Mtoto anaingia bure na kugonga ukuta bure.

Kuna kichekesho kingine kwenye hii hadithi. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio, ndipo Japani ilipoanza kuleta vijana wake wa kujitolea Tanzania. Wengi wamefundisha hesabu na sayansi sekondari, hata mikoani ndanindani. Hebu piga picha: kijana wa Kijapani anafundisha hesabu aliyoijifunza kwa Kijapani, anaifundisha kwa Kiingereza anachokiungaunga, kwa wanafunzi wanaowaza kwa Kiswahili. Na akitoka darasani, akifika sokoni kununua nyanya, anaongea Kiswahili, kwa sababu amekisoma kabla ya kupangiwa kituo. Mahali pekee ambapo yeye na wanafunzi wake hawaruhusiwi kuelewana vizuri ni darasani.

NANI ANABEBA VITI?

Tusisahau kundi moja ambalo halionekani kwenye picha. Kila mahafali ina watu wake wa nyuma ya turubai. Kuna mwalimu wa chekechea ambaye wiki tatu kamili amekaririsha watoto mashairi, na mshahara wake hautoshi kumsomesha mwanawe kwenye shule hiyohiyo. Kuna dada wa jikoni anayepakua pilau sahani mia mbili. Kuna matroni anayejua mtoto gani akiogopa anajikojolea, hivyo amesimama pembeni na suruali ya akiba kwenye mfuko. Kuna mlinzi anayepanga viti saa kumi na moja alfajiri.

Hawa wote wanaongea Kiswahili siku nzima. Sherehe nzima inaandaliwa kwa Kiswahili. Viti vinapangwa kwa Kiswahili, mtoto anabembelezwa kwa Kiswahili, keki inagombaniwa kwa Kiswahili. Kipaza sauti kikiwashwa tu, Kiswahili kinaombwa kikae nje. Shule nyingine zina kabisa kibao getini kwamba hapa ni Kiingereza tu. Kumbe bila Kiswahili hiyo sherehe isingeanza.

Na watoto wenyewe, tofauti na wale wa timu nyekundu na nyeupe, hawaendeshi chochote. Wanavalishwa, wanapangwa, wanakaririshwa, wanapigwa picha. Mtoto wa darasa la sita ambaye angeweza kabisa kutangaza ratiba, kuandika alama na kuwashika mikono wadogo zake wa chekechea, amekaa kwenye kiti anasubiri soda. MC aliyelipwa anaongea yote.

Kama kuna kitu cha kuwaibia Wajapani kwenye hii historia yote, ni hiki: wape watoto kazi kwenye sherehe yao. Mpe mmoja kipaza sauti. Mpe mwingine filimbi. Mkitaka shairi la Kiingereza lisomwe, lisomwe, tena lisomwe vizuri, halafu mtoto yuleyule awaeleze wageni kwa Kiswahili alichokisoma maana yake nini. Hapo ndipo utajua kama mtoto kaelewa au kakariri. Akiweza kumweleza bibi yake, amefundishwa. Asipoweza, joho ni la kukodi na elimu yenyewe ni ya kukodi.

Kiingereza kibaki, tena kifundishwe kwa nguvu na walimu wanaokijua, kwa sababu dunia ni pana na kazi ni chache. Mtoto wa Usoke ana haki nacho sawasawa na mtoto wa Masaki. Lakini kuijua lugha ni kitu kimoja, na kunyimwa fizikia kwa sababu ya lugha ni kitu kingine. Baba Tatsui aliliona hilo mwaka 1873 akasema mapema, nchi yake ikasikia. Tume ya Makweta nayo ilisema mapema. Ripoti yake ikawekwa kwenye kabati, na tangu hapo kila Januari kuna kundi jipya la watoto linaloanza kidato cha kwanza likiwa kimya.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe uliyetoka Kayumba, somo gani lilikupotea siku lilipobadilisha lugha? Na wewe wa English medium, yale mashairi ya mahafali, uliwahi kumwambia bibi maana yake?